Maswali ya Wasomaji: Helgoland, Kisiwa Kinachotajwa Pamoja na Zanzibar

*Mhariri, assalaam alaykum. Katika somo la historia tumefundishwa kwamba mwaka 1890 Wajerumani waliwapa Waingereza Zanzibar, nao wakapewa kisiwa cha Heligoland. Ramani iliyo ukutani darasani kwetu haikionyeshi kisiwa hicho. Kiko wapi, kina ukubwa gani, na je, ni kweli kwamba visiwa vyetu viliwahi kuwa mali ya Wajerumani?*
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Wete, Pemba

Waalaykum salaam, mwanangu. Ramani yenu haina kosa. Kisiwa chenyewe ni kidogo mno kuonekana juu yake. Helgoland, kama Wajerumani wanavyokiandika, kiko katika Bahari ya Kaskazini, kwenye ghuba ambamo mito ya Elbe na Weser inamwaga maji yake, karibu kilomita 50 kutoka pwani ya bara. Kiutawala ni manispaa ndogo ya watu wapatao 1,300, iliyo katika wilaya ya Pinneberg, jimbo la Schleswig-Holstein. Kwa hakika ni visiwa viwili: kisiwa kikuu cha jabali, chenye eneo la kilomita moja hivi ya mraba, na kisiwa cha mchanga kiitwacho Düne, ambacho ni kidogo zaidi. Pemba yenu ina zaidi ya kilomita za mraba 900, kwa hiyo Helgoland yote ingeweza kupotea ndani ya shehia zenu chache tu.

Jabali hilo ni la mawe ya mchanga mekundu. Chini yake kuna tabaka nene la chumvi ya kale ambayo, kwa kuwa ni nyepesi kuliko mawe yaliyoifunika, ilipanda polepole kwa mamilioni ya miaka na kuyainua matabaka ya juu yake. Ndiyo sababu mwamba huu umesimama peke yake baharini, ilhali pwani zote za jirani ni tambarare za matope na mchanga. Watu wanaishi katika ngazi mbili za ardhi: mji wa chini uko karibu na gati, na mji wa juu uko juu ya jabali, ambako mtu hufika kwa kupanda vidato au kwa kutumia lifti. Kilele chake kina mita 61 kutoka usawa wa bahari, na ingawa kwetu hicho kingeitwa kilima tu, ndicho mahali pa juu kuliko pote katika wilaya nzima, nacho kimepewa jina la wilaya yenyewe, Pinneberg. Upande wa kaskazini-magharibi imesimama nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 47, iitwayo Lange Anna, ambayo hadi mwaka 1860 ilikuwa imeungana na jabali kwa daraja la asili. Mawimbi yaliliangusha daraja hilo, na nguzo ikabaki peke yake.

Hapo zamani visiwa hivi viwili vilikuwa kimoja. Upande wa Düne palikuwa na jabali jingine, jeupe, ambalo wakazi walilichimba kwa miaka mingi ili kupata chokaa na jasi ya kuuza bara, mpaka likadhoofika na dhoruba ya mwaka 1711 ikaliangusha. Kilichobaki kilikuwa ukingo mwembamba wa changarawe, na usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1721 bahari iliyofura ikaukata. Sijui kama wachimbaji wale walifikiria kwamba walikuwa wakiuza ukuta uliokuwa ukikilinda kisiwa chao, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa tuje kwenye Zanzibar. Mwaka 1890 Unguja na Pemba zilikuwa chini ya Sultani wao, Sayyid Ali bin Said, aliyetawazwa Februari mwaka huohuo. Ujerumani haikuwahi kuzitawala, na kwa hiyo haikuweza kuzitoa katika mabadilishano. Mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, wakati Lord Salisbury alipokuwa Waziri Mkuu wa Uingereza na Leo von Caprivi Kansela wa Ujerumani, ulikuwa wa kugawana maeneo ya ushawishi, na kila upande uliahidi kutomwingilia mwenzake. Ujerumani ilikubali kwamba Uingereza iweke himaya yake Unguja na Pemba, ikaiacha Witu, usultani mdogo karibu na Lamu, pamoja na pwani iliyo kaskazini yake, na ikaacha madai yake juu ya Uganda, ambako miezi michache kabla Mjerumani Carl Peters alikuwa amepata saini ya Kabaka Mwanga. Saini ile ikawa karatasi tu.

Kwa upande wake Ujerumani ilipata Helgoland, ikapata ukanda mwembamba wa ardhi unaofika mto Zambezi, uliokuja kuitwa Caprivi, na ikapata jambo ambalo mara nyingi husahaulika darasani: ahadi ya Waingereza kwamba watamshawishi Sultani awauzie Wajerumani moja kwa moja pwani ya bara, kutoka mto Umba hadi Ruvuma. Pwani hiyo ilikuwa imekodishwa tangu 1888 kwa kampuni ya Kijerumani, jambo lililozusha vita vya Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Sultani alilipwa marki milioni 4, na kuanzia tarehe 1 Januari 1891 utawala wa pwani ukawa mikononi mwa serikali ya Ujerumani. Kifungu hichohicho cha mkataba kilikitaja kwa jina kisiwa cha Mafia, ambacho kilikuwa cha Sultani kama Unguja na Pemba, kwamba nacho kipewe Wajerumani; hivyo Mafia ikaungana na bara lililokuja kuitwa Tanganyika, na mipaka hiyo ndiyo iliyorithiwa.

Masimulizi ya mabadilishano yalienezwa zaidi na Wajerumani wenyewe. Bismarck, aliyeondolewa kwenye ukansela mwezi Machi 1890, alitaka mrithi wake aonekane mtu aliyetoa milki kubwa ya Afrika akarudi na jabali dogo, na watetezi wa makoloni wakaishika hoja hiyo kwa hasira. Mwalimu wako hajakudanganya. Amerudia maneno yaliyokuwa propaganda ya kisiasa ya Berlin.

*Ndugu Mhariri, wazee wetu wanasimulia kwamba Witu iliachwa na Wajerumani bila watu wake kuulizwa. Je, watu wa hicho kisiwa cha Ulaya waliulizwa?*
Msomaji wa Lamu

Hapana, nao hawakuulizwa. Wazee wenu wanasema kweli: Sultani wa Witu aliomba ulinzi wa Ujerumani mwaka 1885, na miaka mitano baadaye nchi yake ikakabidhiwa kwa Waingereza kwa kalamu ya watu wengine, na Oktoba 1890 jeshi la majini la Uingereza likauteketeza mji wa Witu, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa huko.

Wakazi wa Helgoland ni Wafrisia wa Kaskazini, watu wa pwani hizo, wenye lahaja yao iitwayo Halunder, ambayo bado husikika kisiwani. Walizoea kubadilishiwa watawala. Denmark ilikitwaa kisiwa mwaka 1714 kutoka kwa watawala wa Schleswig. Waingereza wakakiteka mwaka 1807, wakati wa vita vya Napoleon, na wakathibitishiwa umiliki wake mwaka 1814. Napoleon alipozuia bidhaa za Uingereza kuingia bara la Ulaya, Helgoland ikawa ghala kubwa la magendo, na fedha nyingi zilipita pale kwa miaka michache. Amani iliporudi biashara hiyo ilikufa, na umaskini ukabisha hodi, mpaka mkazi mmoja aliyeitwa Jacob Andresen Siemens alipoanzisha mwaka 1826 huduma za kuoga baharini kwa ajili ya afya. Wageni wengi walikuwa Wajerumani, wakiwemo waandishi waliokimbia udhibiti wa serikali zao. Mmoja wao, Hoffmann von Fallersleben, aliandika hapo mwezi Agosti 1841 shairi ambalo ubeti wake wa tatu ndio wimbo wa taifa wa Ujerumani leo. Liliandikwa katika ardhi ya Malkia wa Uingereza, jambo ambalo Wajerumani wenyewe hulitaja kwa tabasamu.

Malkia Victoria hakupendezwa na mpango wa 1890, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba watu wa kisiwa hawakushirikishwa. Salisbury aliona vingine: kisiwa kisichoweza kulindwa kwa urahisi wakati wa vita kilikuwa mzigo, na utulivu wa Zanzibar pamoja na vyanzo vya Nile ulikuwa na thamani zaidi kwake. Wajerumani, kwa upande wao, walikuwa wanachimba mfereji wa kuunganisha Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini, na hawakutaka bendera ya Kiingereza ipepee mbele ya mlango wake.

Hata hivyo mkataba uliwapa wakazi mambo ambayo watu wa Witu hawakuyapata. Waliruhusiwa kuchagua kubaki raia wa Uingereza hadi mwanzoni mwa 1892. Waliozaliwa kabla ya mkataba walisamehewa jeshi la lazima. Sheria na mila zao ziliahidiwa kuheshimiwa kadiri ilivyowezekana. Na ushuru wa forodha haukutakiwa kuongezwa kabla ya 1910. Makabidhiano yalifanyika tarehe 9 Agosti 1890, na kesho yake Mfalme Wilhelm II akafika mwenyewe.

*Mhariri, nilimsikia baharia mstaafu akisema Waingereza walijaribu kukilipua kisiwa hiki chote kizame. Ni kweli au ni hadithi za baharini?*
Msomaji wa Mombasa

Mlipuko ni kweli. Nia ya kukizamisha kisiwa kizima ndiyo yenye utata. Wajerumani walikifanya Helgoland kuwa ngome ya majini, na mwaka 1914 wakazi wote walihamishiwa bara. Baada ya kushindwa mwaka 1918 ngome ilibomolewa kwa mujibu wa Mkataba wa Versailles, lakini utawala wa Hitler uliijenga upya, na mahandaki yakachimbwa ndani kabisa ya jabali.

Mahandaki hayo ndiyo yaliyowaokoa raia tarehe 18 Aprili 1945, wakati ndege za Uingereza zipatazo 1,000 zilipokishambulia kisiwa. Asubuhi hiyohiyo, kabla ya mabomu, kikundi cha watu waliotaka kukisalimisha kisiwa bila vita kilikamatwa, na siku tatu baadaye watano kati yao walipigwa risasi karibu na Cuxhaven. Walionusurika walitoka chini ya ardhi wakakuta hakuna nyumba ya kukaa, wakahamishiwa bara, safari hii kwa miaka saba.

Miaka miwili baadaye, tarehe 18 Aprili 1947, jeshi la majini la Uingereza lilikusanya takribani tani 6,700 za mabomu na baruti zilizobaki kisiwani na kuzilipua kwa mpigo mmoja, ili kuharibu mahandaki na maegesho ya nyambizi. Ulikuwa mmoja wa milipuko mikubwa kabisa isiyo ya nyuklia hadi wakati huo. Jabali lilitikisika lakini likabaki. Sehemu ya ncha ya kusini iliporomoka na kufanya ngazi ya tatu kati ya mji wa chini na wa juu, na hapo ndipo ilipo hospitali ya kisiwa sasa. Kisha ndege za Uingereza zikakitumia kisiwa kama shabaha ya mazoezi. Mwezi Desemba 1950 wanafunzi wawili wa Heidelberg, René Leudesdorff na Georg von Hatzfeld, walivuka bahari wakapandisha bendera kwenye magofu, na kitendo hicho kilizidisha shinikizo la kukirejesha. Kisiwa kilirudishwa tarehe 1 Machi 1952. Kwa hiyo karibu kila nyumba unayoiona Helgoland leo ni ya baada ya hapo, na anayetafuta mitaa ya kale hataikuta.

*Mhariri, ninaishi Hamburg na ninataka kuwapeleka watoto Helgoland. Wenzangu wananiambia nisibebe baiskeli, na kwamba kuna maduka yasiyo na ushuru. Nijiandae vipi?*
Msomaji wa Hamburg

Baiskeli iache nyumbani, kweli. Sheria ya usalama barabarani ya Ujerumani ina kifungu maalumu, cha 50, kinachopiga marufuku magari na baiskeli katika kisiwa hiki. Magari ya dharura yanaruhusiwa, na mizigo huvutwa kwa vigari vya umeme. Boti ya mwendo kasi kutoka Hamburg hupitia Cuxhaven na hufunga gati bandarini. Baadhi ya meli nyingine hutia nanga nje, na abiria hushukia katika mashua za wazi za mbao za mwaloni, ziitwazo Börteboot. Mabaharia wawili humshika kila abiria mikono, mmoja kila upande, wakasubiri wimbi liinue mashua, ndipo wanampitisha. Waambie watoto wasiruke wenyewe.

Kuhusu ushuru, Helgoland ni sehemu ya Ujerumani na ya Umoja wa Ulaya, lakini iko nje ya eneo la forodha na la kodi ya ongezeko la thamani, jambo ambalo mizizi yake inafika nyakati za utawala wa Waingereza. Manispaa hutoza kodi yake ndogo ya uingizaji. Unaporudi Hamburg unahesabiwa kama uliyetoka nje ya Umoja wa Ulaya: sigara 200, pombe kali lita moja, na bidhaa nyingine zisizozidi thamani ya euro 430. Watoto wako hawana mgao wa tumbaku wala pombe, hivyo usiwahesabu.

Ukienda mwezi Juni, panda hadi ukingo wa magharibi jioni. Hapo kwenye majabali hutaga ndege weusi kwa weupe ambao Wajerumani huwaita Lumme, na makinda yao, kabla hayajajua kuruka, hujitupa kutoka juu hadi majini yanakoitwa na wazazi. Ukienda majira ya baridi, vuka hadi Düne, ambako sili wa kijivu (wanyama wa baharini) huzaa mchangani. Kaa umbali wa mita 30 kutoka kwao, kwani mama aliyetishwa anaweza kumwacha mtoto wake.