Tikiti ya Nyasi: Besiboli ya Ligi Ndogo kwa Wenye Watoto

Shule zikishafungwa mwezi wa Juni, simu haziishi: "Mama Salma, watoto mwawapeleka wapi mwaka huu?" Kwa sisi tunaoishi Minnesota, ambako baridi hutufungia ndani karibu nusu mwaka, swali hilo si dogo. Viwanja vya michezo ya maji vina bei ya kutisha. Ziwani si kila mzazi anajua kuogelea. Sinema nayo ni kwenda kukaa gizani siku ambayo jua lenyewe limepatikana kwa tabu. Jibu langu huwa ni moja, na wengi hulicheka kwanza: nendeni mkatazame besiboli. Siyo ile kubwa ya kwenye televisheni. Ile ndogo.

Kwa asiyejua, mambo yamepangwa hivi. Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na kila moja ina timu nne chini yake, moja katika kila daraja, kuanzia Single-A hadi Triple-A ambayo ndiyo ya mwisho kabla ya kupanda juu. Jumla ni timu 120, zimetawanyika katika miji ya kila ukubwa. Kwa hiyo popote ulipo, huenda uwanja mmoja uko karibu nawe bila wewe kujua. Walio Des Moines wana Iowa Cubs, walio Louisville wana Bats, walio Columbus wana Clippers, walio Durham wana Bulls. Mingine ina majina ya kuchekesha watoto hata kabla hamjafika: mji wa Hartford timu yake ni Yard Goats, yaani mbuzi, na Jacksonville ni Jumbo Shrimp, kamba wakubwa. Sisi wa Minneapolis na St. Paul tuna St. Paul Saints, timu ya Triple-A chini ya Minnesota Twins tangu 2021.

Tofauti ya kwanza utakayoiona ni ukubwa. Target Field, uwanja wa Twins, unachukua watu zaidi ya 38,000. CHS Field, wa Saints, uliofunguliwa 2015 katikati ya St. Paul, una nafasi elfu saba na kitu. Mwenye watoto wadogo anajua maana ya hesabu hiyo. Kwenye uwanja mkubwa mtoto akitaka kwenda msalani ni safari, na moyo wako hautulii mpaka mrudi. Kwenye ule mdogo unamwona anakokwenda, unamwona anarudi, na kama amesimama kumshangaa mtu aliyevaa vazi la mnyama, unamwona pia. Bei nayo ni nyingine kabisa. Tikiti za chini katika viwanja hivi mara nyingi ni kati ya dola 10 na 20, kwa hiyo familia ya watu watano haitoki imevunjika mgongo.

Na sasa siri yangu kubwa: usinunue kiti. Nunua nyasi. Viwanja vingi vya ligi ndogo vina mteremko wa majani nyuma ya ukuta, na hata CHS Field unao. Tikiti yake ndiyo huwa ya bei ya chini au karibu na hapo, na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote ukiwa na watoto chini ya miaka kumi. Tandika leso mbili au mkeka, watoto wabingirike, mchanga alale, mkubwa acheze na glavu yake. Hakuna wa kukukodolea macho kwa sababu mwanao amesimama mbele yake. Ukikaa kwenye viti, raundi ya tatu kati ya tisa haijaisha utakuwa umewainua watu wa mstari mzima mara kadhaa, ukiomba radhi kwa kila goti.

Ukipenda viti, basi kaa nyuma ya wavu. Hili nalisema kwa uzito. Mpira wa besiboli ni mgumu, na unaotoka pembeni huja kwa kasi ambayo mtu anayetazama simu hawezi kuukwepa. Wavu hulinda sehemu za katikati na kando. Ukinunua tikiti kwenye mtandao, angalia ramani ya viti uone wavu unaishia wapi. Kwenye nyasi mpira hufika mara chache, na ukifika huwa umepaa juu kwanza, kwa hiyo watu wote hupiga kelele na kila mtu huangalia.

"Lakini sisi mchezo wenyewe hatuujui." Hili nimelisikia sana. Waliosoma shule za msingi Kenya wakacheza raundasi tayari wanaujua zaidi ya nusu. Kwa wengine, maelezo haya yanatosha. Mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa gongo. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi alipoanzia timu yake inapata pointi moja. Akikosa mara tatu, ametoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana. Hivyo mara tisa. Kanuni nyingine zote ziache kwa babu aliyekaa jirani yako na daftari lake. Kila uwanja una babu wa namna hiyo, na hakuna kinachomfurahisha kama kuulizwa swali na mtoto.

Halafu, ukweli ni kwamba ligi ndogo haikutegemei uupende mchezo. Kila timu zinapobadilishana, kitu hutokea uwanjani: watu wazima wanazungushwa mpaka kizunguzungu kisha wanaambiwa wakimbie, mtoto anashindana mbio na yule wa vazi la mnyama (na mtoto hushinda, sijui kwa nini), fulana zinarushwa kwa watazamaji. Katikati ya raundi ya saba wote husimama, hunyoosha miguu na kuimba wimbo mmoja wa zamani. Timu nyingi siku za Jumapili huwaruhusu watoto kushuka uwanjani mchezo ukiisha wakakimbia vituo vyote vinne. Mwanangu wa pili hakumbuki nani alishinda hata siku moja. Kukimbia kule anakukumbuka.

Saints wana mila yao ya ziada, na nawatahadharisha hasa wanaopokea wazee kutoka nyumbani. Ni nguruwe. Nguruwe hai, mdogo, hupewa jina jipya kila msimu, huvalishwa, kisha huingia uwanjani kumpelekea mwamuzi mipira. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka Mombasa wiki hiyo hiyo. Alimtazama, akanitazama mimi. "Subhanallah! Mwanangu, umenileta wapi?" Nikamwambia, "Mama, yule yuko kazini, hatatufikia." Wajukuu zake walikuwa wameshaanguka kwa kicheko. Kesho yake nilimsikia akimsimulia dada yake kwa simu. Kisa cha nguruwe kilichukua robo saa, matokeo ya mchezo hayakutajwa.

Kuhusu chakula, sisi hula pilau nyumbani kabla ya kutoka, na ushauri wangu ni huo kwa kila familia, iwe ya Kiislamu au la. Vya uwanjani ndivyo vinavyokula pesa. Soseji za ng'ombe zipo tele, lakini kuwa za ng'ombe si kuwa halali, na vibanza vingi havitaweza kukujibu zimechinjwa vipi. Hubaki bisi, karanga za maganda, na aiskrimu inayotiwa ndani ya kofia ndogo ya plastiki ya mchezo huo, ambayo mtoto ataibeba nyumbani na itakaa kwenye sinki lako mpaka Krismasi. Mwenye mtoto anayedhurika na karanga aulize kabla. Hartford walizipiga marufuku kabisa uwanjani kwao mwaka 2019, lakini kwingi maganda yametapakaa chini ya kila kiti. Soma pia kanuni za mikoba kwenye ukurasa wa timu, maana viwanja vingi hutaka mkoba mdogo au unaoonyesha ndani, na kuhusu maji na chakula cha mtoto mchanga kila uwanja una lake. Noti usizitegemee. Siku hizi kwingi hawapokei ila kadi, na mzee aliyebeba dola zake kwa ajili ya wajukuu ataudhika.

Saa za kwenda ni jambo linalostahili kufikiriwa kuliko watu wanavyodhani. Michezo ya katikati ya wiki huanza jioni, saa kumi na mbili na nusu hivi. Tangu 2022 ligi ndogo zote zina saa kali inayomhimiza mrushaji asikawie, jambo ambalo ligi kuu iliiga mwaka uliofuata, kwa hiyo mchezo uliokuwa ukichukua zaidi ya muda wa saa tatu sasa mara nyingi huchukua muda wa saa mbili na nusu au zaidi kidogo. Huku kwetu mwezi wa Juni jua huzama saa tatu usiku. Tunaswali Alasiri nyumbani, tunatoka, na Magharibi hutukuta mchezo ukielekea ukingoni. Kwa wenye wachanga, Jumapili mchana ni bora zaidi, ila jua la saa nane halina huruma kwenye nyasi: kofia, maji, na mafuta ya kukinga ngozi, hata kwa ngozi zetu. Zikichezwa mechi mbili siku moja kwa sababu ya mvua ya jana, kila moja huwa ya raundi saba badala ya tisa. Moja kati ya hizo inamtosha kabisa mtoto wa miaka mitatu.

Ijumaa nyingi kuna fataki baada ya mchezo. Watu huzipenda, viwanja hujaa. Mimi huzikwepa, kwanza kwa sababu watoto wadogo wanakuwa wamelala na wanaamka wakilia. Lakini kuna sababu nzito kuliko hiyo. Jirani zetu wametoka Kivu, na kwa mtu aliyekimbia milio ya bunduki, kishindo kile gizani si burudani, hata kama ameambiwa mapema ni kitu gani. Ratiba ya timu huonyesha siku za fataki. Kabla hujaialika familia nyingine, itazame, na chagua siku nyingine kimya kimya bila kuwalazimisha wajieleze.

Watoto wakikua kidogo, wape kitu cha kufuatilia: wachezaji wenyewe. Hawa ni vijana wanaosubiri kuitwa juu. Royce Lewis alianza 2022 hapa St. Paul, na Mei mwaka huo huo alikuwa ameshachezea Twins. Wakati mwingine nyota wa ligi kuu aliyeumia huletwa huku kujinyoosha kabla ya kurudi. Lewis mwenyewe na Byron Buxton wameshapita hivyo, na aliyekuwa kwenye nyasi siku hiyo aliwaona kwa tikiti ile ile ya bei rahisi. Mshahara wa chini wa Triple-A ulipandishwa mwaka 2023 kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Nilipomwonyesha binti yangu mkubwa takwimu hiyo alinyamaza, akaanza kuwapigia makofi hata wanaokosa. Nilimsimulia pia habari ya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyesajiliwa 2008 na kuhangaika katika ligi ndogo mpaka Aprili 2017 alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuchezea ligi kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo huko akaupiga mpira vizuri akafika kituo cha kwanza. Na ile timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, iliyofika Pennsylvania mwaka 2012 kwa mashindano ya dunia ya Little League, ya kwanza kutoka Afrika. Alitaka kujua kama kulikuwa na wasichana. Tunaendelea na mjadala huo.

Saini? Fikeni mapema, mlango ukifunguliwa, msimame karibu na pale wachezaji wanapoingilia. Mtoto awe na kalamu yake, aseme "tafadhali", na wewe mzazi urudi nyuma hatua mbili. Wachezaji humtazama mtoto. Mzazi mwenye simu mbele ya uso huwachosha.

Kufika ni rahisi kwa wanaokaa karibu na treni. Njia ya kijani ina stesheni mlangoni mwa Target Field, inakatiza Minneapolis na St. Paul, na mwisho wake Union Depot ni mwendo mfupi kwa miguu mpaka CHS Field. Tunaacha gari mbali, tunaokoa pesa ya maegesho, na kwa wadogo treni ni nusu ya safari. Wakati wa kurudi ndipo panapotaka hesabu: mchezo ukiisha wote hukimbilia treni moja. Sisi huondoka raundi ya nane. Wapenzi wa mchezo watakuambia ni haramu kuondoka kabla ya mwisho. Wao hawana mtoto aliyelala begani na kigari cha kukunja kwa mkono mmoja.

Msimu wa Triple-A huanza mwishoni mwa Machi, lakini huku kwetu Machi na Aprili waachie wenye asili ya Norway, waliozoea baridi. Nyasi bado ni baridi na watoto watalia kabla ya raundi ya pili. Anzeni mwisho wa Mei. Mvua ikinyesha msiitupe tikiti: mchezo ukiahirishwa, timu nyingi huibadilisha kwa siku nyingine. Soma masharti yake kwanza, halafu mpigie simu jirani yako, maana safari ya pili hununui tena ila nauli ya treni.