Maswali ya wasomaji: Marko kamtaja Isaya, maneno ni ya Malaki

SWALI: Nafundisha shule ya Jumapili. Mtoto mmoja kaipekua Isaya yote akitafuta "namtuma mjumbe wangu" ya Marko 1:2, hakuyaona. Nimeyakuta Malaki 3:1. Marko alikosea?
Mwalimu, Masasi

JIBU: Mwalimu, mtoto huyo ana jicho. Wanakili wa kale nao jambo hili liliwakera. Hati za Sinaiticus na Vaticanus, nakala za Biblia ya Kigiriki za karne ya 4, zinasema "katika nabii Isaya". Nyingi za baadaye zinasema "katika manabii". Mnakili hulainisha kinachokwaruza, kwa hiyo usomaji wenye Isaya ndio wa awali.

Marko kasuka ukili wa miyaa mitatu: Kutoka 23:20, Malaki 3:1 na Isaya 40:3, kisha akamtaja nabii mkubwa peke yake. Hakuokoteza. Wasomaji wa Kiyahudi walikuwa na desturi ya kuunganisha maandiko yanayoshirikiana neno. Malaki na Isaya wote wanasema "tengeneza njia", na hata Kiswahili chetu kinaonyesha. Kiungo cha Kutoka, bahati mbaya, kwetu kimepotea: Kiebrania kina neno moja, mal'akh, sisi tumeligawa, huku "malaika", kule "mjumbe".

Siku ya somo, wape watoto Biblia nne, kila moja ifunguliwe mahali pake, wapigie mstari vimilikishi tu. Malaki: njia "mbele yangu", na anayesema ni Mungu. Marko: "njia yako". Isaya: njia kuu "kwa Mungu wetu". Marko: "mapito yake". Njia ya Mungu imekuwa njia ya Yesu, na dai zima la Marko limebebwa na vineno hivyo. Walimu wengi hupoteza kipindi wakimtetea Marko, vineno hivi vikapita bila kuonwa.

Mwambie pia yule mtoto aangalie "nyikani". Katika Isaya njia ndiyo inayotengenezwa nyikani; katika Marko anayelia ndiye aliye nyikani, kama ilivyo katika tafsiri ya Kigiriki, Septuaginta. Hiyo ilimfaa Marko, kwani mstari wa 4 unamleta Yohana huko huko. Watu wa Kumrani, jumuiya ya Kiyahudi kando ya Bahari ya Chumvi, walishika maana ya kwanza: wakaenda nyikani kuitengeneza njia kwa kusoma Torati.

SWALI: Na Mathayo 27:9? Anasema Yeremia, ila vipande 30 vya fedha viko Zekaria.
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Desturi ile ile. Vipande 30 na mfinyanzi ni Zekaria 11:12-13. Lakini katika Mathayo fedha ya Yuda inanunua shamba la kuzikia wageni, na Zekaria hana shamba. Shamba linanunuliwa katika Yeremia 32, tena kwa shekeli 17, na sura ya 19 ina chombo cha mfinyanzi na bonde la kuzikia. Anayesoma Zekaria peke yake hawezi kueleza kwa nini fedha ile ilinunua makaburi.