Mzee ana uvimbe kwenye ini na daktari ametaja "vichocheo vya ukuaji": nilichojifunza nikimuuguza baba

Pole sana ndugu yangu kwa kuuguliwa. Umeuliza kama AFP ya mzee, 620, ndiyo kipimo cha hivyo vichocheo vya ukuaji. Hapana. AFP ni protini ambayo ini la mtoto aliye tumboni hutengeneza kwa wingi. Ikipanda hivyo kwa mtu mzima inatia shaka kubwa, ila haikati shauri peke yake. Wapo wenye saratani ya ini na AFP yao iko kawaida kabisa.

Vichocheo vyenyewe ni protini zinazoiamuru seli ikue na kugawanyika. Kwenye ini kinachotajwa sana ni VEGF, kinachochipusha mishipa mipya ya damu. Daktari wa baba alituwekea picha za CT skani akatuonyesha kwa ncha ya kalamu: ini hupata karibu robo tatu ya damu yake kwa mshipa unaotoka matumbo, lakini uvimbe umejichipushia mishipa yake na unanyonya kwenye ateri. Ndiyo maana dawa ya picha ilipoingia, uvimbe uling'aa kabla ya ini, kisha ukafifia ini likiwa bado linang'aa. Kwa mwenye ini lililosinyaa kwa makovu, au homa ya ini B ya miaka mingi, alama hizo mbili mara nyingi hutosha bila kuchukua kinyama. VEGF haikupimwa, ila kazi yake tuliiona.

Uvimbe mdogo hukatwa. Sisi tulichelewa, miezi mitatu zahanati moja ikimtibu vidonda vya tumbo. Baba akaanzishiwa sorafenibu, inayoziba masikio ya seli zisisikie amri ya VEGF: vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Haiponyeshi. Katika utafiti uliochapishwa 2008, nusu ya walioimeza waliishi zaidi ya miezi 10.7, wasioipata, 7.9. Wiki ya tatu nyayo zake zilibabuka akawa anatembea kwa visigino. Nilimpaka krimu ya yurea usiku, nikamvisha soksi za pamba, na daktari akapunguza dozi. Usimwachishe mzee dawa kimyakimya kwa huruma, rudi kliniki. Presha nayo mpime, maana hupanda.

Tangu 2020 ipo tiba ya dripu, bevasizumabu inayoikamata VEGF yenyewe, pamoja na atezolizumabu inayoamsha kinga. Iliishinda sorafenibu, ingawa bei yake ni kubwa mno. Kabla ya kuanza, ulizia mzee aingizwe kamera ya koo, kwa sababu mishipa iliyovimba humo inaweza kupasuka na kuvuja damu. Na hiyo 620 itunze kwenye faili: kuna dawa ya baada ya sorafenibu, ramusirumabu, inayopewa wenye AFP kuanzia 400 tu.

Wewe na wadogo zako mmepima homa ya ini B? Kwetu tulikuta wawili.