Maua ya chomboni: maswali yenu wiki hii

Mawaridi yangu yameinamisha vichwa siku ya pili, hata hayajafunguka. Nimeuziwa ya zamani? (Nakuru)

Huenda yana kiu tu, ingawa yamesimama majini. Bua likikatwa, hewa huingia kwenye vimirija vyake. Maji yakichafuka, bakteria huviziba. Maji yanashindwa kupanda, na pale palipo laini, chini ya ua, ndipo hulegea kwanza. Tia ncha ya bua ndani ya beseni la maji na ukate sentimita 3 kwa mshazari humo humo majini. Tumia kisu kikali, maana mkasi butu huvisaga vimirija. Kisha yafunge mawaridi yote kwa gazeti hadi shingo zinyooke, uyasimamishe kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yanayokaribia vichwa. Yaache kivulini kwa muda wa saa 1 au 2. Mengi huamka. Lililovunjika shingo, likate fupi uliweke kwenye bakuli.

Niweke nini majini: sukari, aspirini au sarafu? (Moshi)

Sarafu iache mfukoni, na aspirini ibaki kuwa dawa ya kichwa. Sukari inalisha ua, lakini inalisha na bakteria, kwa hiyo usiiweke peke yake. Kwa lita 1 ya maji: sukari kijiko 1 cha mezani, maji ya limau vijiko 2 vya mezani, koroga, mwisho kabisa tia robo kijiko cha chai cha jiki isiyo na manukato. Fuata mpangilio huo. Jiki ikikutana na limau kabla ya kuzimuliwa hutoa gesi inayochoma mapafu. Mwaga yote kila baada ya siku 2, na kila ukimwaga, kata mabua tena kidogo.

Nabadilisha maji kila siku na bado yananuka. (Dar es Salaam)

Pitisha kidole ndani ya chombo, karibu na kitako. Ukihisi utelezi, hao ndio bakteria, na maji mapya hayawaondoi. Sugua kwa sabuni na brashi ya chupa, kisha suuza. Halafu ng'oa kila jani linalozama. Jani likioza majini, usafi wote huo ni kazi bure.

Maua ya mezani hufa haraka kuliko ya sebuleni. Kwa nini? (Kampala)

Tazama bakuli la matunda. Ndizi na maembe yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha matunda, nayo huzeesha maua. Karnesheni ndiyo huumia zaidi: hujikunja petali kama imelala. Tenganisha.

Asumini ya kikuba (kishada kidogo cha maua ya kunukia cha kujipamba) niihifadhi vipi hadi usiku? (Mombasa)

Nunua vichipukizi vilivyofumba, usichukue vilivyochanua. Visitiwe kwenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, ndani ya bakuli lenye kifuniko, sehemu ya chini ya friji. Vitoe wakati wa magharibi, jua likizama; vitafunguka vyenyewe.