Maswali na Majibu: Kufungua Mipira ya Rejeta ya Oili Bila Vifaa Maalumu

Maswali ya safari hii yanahusu mipira inayopitisha oili kati ya injini na rejeta, kwenye pikipiki zenye rejeta ndogo ya kupoza oili mbele ya injini, kama Pulsar 220. Wenye Boxer, ambayo hupozwa na upepo peke yake, watuwie radhi.

Swali: Fundi, naambiwa nisiguse mipira hiyo kama sina vifaa vya kiwandani. Ni kweli?

Jibu: Kwa pikipiki nyingi si kweli. Mpira hufungwa kwa nati kubwa inayokaa kwenye mdomo wa rejeta, au kwa bolti yenye tundu katikati na washa mbili za shaba au alumini, au kwa kibati kilichoshikwa na bolti ndogo juu ya oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji), na zote hufunguka kwa spana za kawaida na alenki, ile fimbo ya pande sita inayoingia kwenye tundu la bolti. Kinachokosekana mara nyingi ni spana ya pili. Mdomo wa rejeta ni wa alumini laini iliyochomelewa, kwa hiyo ukivuta nati kwa spana moja nguvu yote huishia kwenye kichomeleo, na mdomo hujipinda kabla nati haijalegea. Shika kwanza pande sita za mdomo wa rejeta kwa spana moja, kisha geuza nati ya mpira kwa nyingine, ukizipanga spana hizo karibu karibu ili uzibane kwa viganja kama mtu anayefunga mkasi. Spana ya kurekebisha, ile ambayo gereji huiita spana malaya, ibaki upande wa kushikilia tu, maana huteleza na kula kona za nati.

Swali: Bolti za alenki zimekataa kabisa. Nizipashe moto?

Jibu: Usithubutu, kwa sababu hapo pana mpira, oili, na tangi la petroli juu yake. Chokonoa kwanza tundu la bolti kwa msumari mwembamba hadi tope lote litoke, kwa kuwa alenki isiyozama hadi chini ndiyo inayoliharibu tundu. Kisha tia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, na asubuhi jaribu kuikaza bolti kidogo sana kabla ya kuilegeza.

Swali: Mwisho wa mpira wangu umeminywa ndani ya kikombe cha chuma. Niukate?

Jibu: Hapana. Kikombe hicho hakifunguliwi; mpira hutoka pamoja na nati au kibati chake.

Swali: Wangu umechomekwa tu, na ndani ya kiungio naona springi ya duara.

Jibu: Hapa kweli kuna kifaa chake, lakini ukanda uliokatwa kwenye kidumu kitupu cha oili hutosha mara nyingi. Uzungushe kwenye bomba, usukume ndani hadi uipanue springi, kisha vuta mpira moja kwa moja bila kuupinda. Injini iwe vuguvugu tu, isiwe ya moto, na beseni liwe chini, kwani oili iliyobaki ndani itamwagika. Ziba midomo yote kwa mifuko safi.

Swali: Wakati wa kurudisha, nitajuaje kwamba nimekaza vya kutosha?

Jibu: Funga kwanza kwa vidole, ili nyuzi zisipishane. Oringi iwe mpya na ipakwe oili. Washa ya shaba ya zamani inaweza kutumika tena ikipashwa hadi iwe nyekundu, kwani hapo hulainika, ingawa mpya haigharimu kiasi cha kumfanya mtu ahangaike. Bolti za milimita 6 huhitaji takriban Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani nguvu ya kifundo cha mkono kwenye spana fupi, wala si ya bega. Kisha washa injini, iache silensa, yaani ingurume taratibu bila kupigwa resi, kwa dakika chache huku ukipitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungio uone kama oili inavuja, zima, subiri oili ishuke, na uongeze kile ambacho rejeta imekimeza.