Ngozi Isiyoguswa: Kuishi na Maumivu Ambayo Vipimo Havioni

Kama kola ya shati inakuunguza shingo, na ukijitazama kwenye kioo huoni hata kipele, nakuandikia wewe. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga, na bega langu la kulia hadi kiwikoni haliguswi. Sikuanguka wala sikuungua. Ilianza ganzi, ikaja hali ya kuchomachoma, baadaye hata upepo wa feni ukawa unauma. Nimeishi na hali hii miaka ya kutosha kujua yapi yanasaidia na yapi yanapoteza muda na pesa.

Kubwa kuliko yote ni hili: usimalize nguvu zako kuwathibitishia watu kwamba unaumwa. Zitumie kueleza kinachouma ni nini hasa, kinauma wapi, saa ngapi, na kikiguswa na nini. Asiyetaka kuamini hata ukilia mbele yake haamini. Anayetaka kusaidia, akiwa daktari au shemeji, anahitaji pa kuanzia.

Chukua mfano wa hospitali. Ukiingia ukasema "naumwa mwili mzima", utapimwa malaria, utapimwa mkojo, pengine na taifodi, kisha utatoka na diklofenaki. Simlaumu mtoa dawa, maana kwa maneno yale hata mimi ningefikiria homa. Mzunguko huo niliuzunguka zahanati baada ya zahanati, na mahali pamoja nikaambiwa, "Mama, huna ugonjwa, punguza mawazo." Mambo yalibadilika nilipokwenda na karatasi. Niliandika vitu vya kawaida tu: mkono wa gauni ukipitapita begani unaniunguza, lakini nikijibana kwa kiganja na kutulia, unapungua. Usiku ni mbaya kuliko mchana. Feni siiwezi. Maji ya vuguvugu nayavumilia, ya baridi yananichoma.

Daktari aliisoma yote. Akachukua kipande cha pamba, akanivutia taratibu kwenye mkono wa kushoto, kisha kwenye wa kulia, palepale pa upande wa pili. Kushoto nilihisi pamba. Kulia nilihisi wembe, nikauvuta mkono kabla sijajijua. Akarudia mimi nikiwa nimefumba macho. Akajaribu na ncha butu, akauliza mpaka wa maumivu unaanzia wapi, akauchora kwenye faili. Kipimo hicho hakihitaji mashine, na pamba ipo kila zahanati. Ukiona hujafanyiwa, omba kwa adabu: "Daktari, naomba unijaribu kwa pamba pande zote mbili."

Maumivu yanayoletwa na kitu kisichopaswa kuuma, kama shuka au upepo, madaktari huyaita alodinia. Mishipa ya fahamu hupeleka habari ya mguso kwenye uti wa mgongo na ubongo, na huko habari ndogo hukuzwa, kama kipaza sauti cha harusini kilichopandishwa hadi mnong'ono ukawa kelele. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwamba uti wa mgongo wenyewe unaweza kubaki katika hali hiyo ya kukuza, hata pale chanzo cha mwanzo kinapokuwa kimetulia. Ndiyo maana picha ya eksirei inatoka safi. Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi jinsi mishipa ya fahamu inavyofanya kazi. Na usidhani haya ni mambo ya pembeni. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 ina nafasi yake kwa maumivu sugu, yaani yanayoendelea au kurudi kwa zaidi ya miezi mitatu, yakiwemo yale yanayohesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe bila kungoja kidonda kionekane.

Hata hivyo, kabla ya kukubali kwamba chanzo hakijulikani, hakikisha vinavyojulikana vimetafutwa. Sukari kwanza, kwa sababu kisukari huunguza miguu ya wengi kabla hawajajua wanacho. Vitamini B12, hasa kama unatumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu. Tezi ya shingo. Virusi vya ukimwi. Kama uko kwenye dawa za kifua kikuu, sema, kwani isoniazidi inaweza kuumiza mishipa ya fahamu na kinga yake ni vitamini B6. Kama uliwahi kutoka malengelenge ya mkanda wa jeshi, sema pia hata kama ngozi ilishapona, maana ule moto unaweza kubaki miezi au miaka. Na kama mkono au mguu ulivunjika au ulifungwa plasta, kisha ukaanza kuvimba, kubadilika rangi na kukataa kuguswa, hilo lina jina lake na linataka matibabu mapema. Wenye maumivu ya mwili mzima, uchovu na usingizi usioburudisha waulizie faibromayalgia. Zamani, kwa vigezo vya mwaka 1990, daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili na kutaka angalau 11 ziume. Tangu 2010 si lazima tena. Anaweza kuitambua kwa maelezo yako.

Sasa nguo, na hapa naongea kwa uzoefu wa kazi. Watu watakwambia vaa dera pana. Kwa wengi wetu dera pana ni adhabu, maana kitambaa kinachopeperuka kinaigusa ngozi na kuiacha, kinaigusa na kuiacha. Mguso unaotembea huuma kuliko uliotulia. Jaribu fulana ya pamba laini inayokaa mwilini bila kubana, kisha vaa dera juu yake. Igeuze ndani nje ili mishono isikuguse. Lebo ya shingoni usiikate kwa mkasi, kwa sababu kile kisiki kinachobaki kwenye mshono ndicho kinachochoma zaidi. Ifumue kwa wembe, uzi baada ya uzi, mpaka itoke yote. Mwambie fundi wako asitumie uzi wa nailoni upande wa ndani, na zipu aihamishie upande usiouma. Kanga mpya usiivae na ule ugumu wake wa dukani. Iloweke usiku kucha, ifue, irudie tena, au mpe mtu mwingine aivae kwanza mpaka ilainike. Lesi ya sare ya harusi wekea bitana ya pamba, wala usione haya kumwambia mwenye shughuli kwamba utashona rangi ileile kwa kitambaa kingine.

Nyumbani nilibadilisha vitu vichache. Neti ya duara huanguka mwilini ukijigeuza, kwa hiyo nilitundika ya pembe nne, pana kuliko kitanda. Feni inatazama ukuta, nami napata hewa inayorudi, jambo kubwa kwa joto letu la kaskazi. Kuoga naanzia miguuni na kupanda, maji ya vuguvugu, kwa kopo, polepole. Wanaosumbuliwa na udhu wamwendee shekhe wao na kumweleza hali ilivyo. Dini ina nafasi kwa mgonjwa anayedhurika na maji.

Kazi ngumu ni watu. Huku kwetu kusalimiana ni kushikana, kukumbatiana, kupigana begani kwa furaha. Wengi hutoa historia nzima ya ugonjwa, halafu mwenzao anabaki hajui afanye nini, na mkono wake umeshafika. Mimi natoa agizo fupi, tena mapema, huku nikitabasamu na kutanguliza mkono wa kushoto: "Wifi, shika huu, ule wa pili leo hauguswi." Wifi yangu hahitaji kuelewa uti wa mgongo ili aushike mkono wa kushoto. Kwenye shughuli kubwa namtanguliza binti ya dada yangu, anatembea upande wangu wa kulia, na wanaokuja kukumbatia wanakutana naye kwanza. Kwenye daladala nakaa dirishani, bega bovu upande wa bati. Konda akitaka kubananisha namwambia, "Kaka, bega lina jeraha." Kwangu huo si uongo.

Yupo pia mzee atakayesema ni baridi, ukandwe. Yupo atakayesema ni jini. Kisomo na dua pokea, vinatuliza moyo, na moyo uliotulia huumwa kidogo kuliko ulioogopa. Lakini kukandwa kwa nguvu, kuchanjwa au kupigwa chuku juu ya sehemu isiyoguswa, kataa. Sema, "Shangazi, niombee, ila usinishike." Hakuna utovu wa adabu hapo.

Kitu kilichonipa nafuu kubwa kuliko nilivyotarajia ni mazoezi ya kuifundisha ngozi upya, niliyoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Fundi ana bahati, vifaa viko sakafuni. Nilikusanya vipande vya satini, pamba, kanga iliyochakaa, kitenge, taulo, na mwisho kipande cha gunia la katani, maana Tanga katani haikosekani. Unaanza na kile laini kabisa, mahali ambapo ngozi bado ni nzima, unakipitisha taratibu kuelekea mpaka wa maumivu, dakika chache tu, mara kadhaa kwa siku, huku ukitazama. Macho yanausaidia ubongo kuona kwamba hiki ni kitambaa tu. Kikiwa hakikusumbui tena, ndipo unapanda kinachofuata. Ukilazimisha, utarudi nyuma. Kwenye kidonda kibichi usifanye kabisa. Mimi taulo sasa naliweza. Gunia bado.

Kutembea ni dawa vilevile. Natoka alfajiri kabla jua halijakaza, naelekea Raskazone, narudi. Siku nzuri siongezi sana na siku mbaya siachi kabisa, napunguza tu. Ukimaliza kufua, kupika na kupiga pasi kwa sababu leo umeamka mwepesi, kesho utailipa.

Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi haziusaidii moto huu, na diklofenaki ya kila siku inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Daktari anaweza kukuandikia amitriptilini kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 10 au 25 usiku. Usishtuke ukisikia ni dawa ya sonona. Kwa dozi hiyo inatumika kutuliza mishipa ya fahamu na kuleta usingizi, na huchukua wiki kadhaa kuonekana. Mdomo hukauka, choo kinaweza kuwa kigumu. Mwenye tatizo la moyo aseme kabla. Zipo pia gabapentini na pregabalini. Usiazime kidonge cha jirani, na usiache ghafla ulichoandikiwa.

Yapo mambo ambayo hayangoji karatasi wala miadi. Mguu au mkono ukipoteza nguvu, ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, maumivu yakija na homa au kupungua uzito bila sababu, au sehemu inayouma ikivimba na kubadilika rangi ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na mtu wa kukusindikiza.