Dada wa Langoni, hiyo kozi ya furaha ifanye

Dadangu, umeuliza kama kozi ya sayansi ya furaha ya mtandaoni itakufaa, maana tangu watoto wahamie Mombasa nyumba imekuwa kimya, na bando nalo ni la kuhesabu.

Ifanye. Niliyosoma mimi ni ya Profesa Laurie Santos wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Alipofundisha somo hilo darasani mwaka 2018 walijiandikisha wanafunzi kama 1,200, kisha likawekwa Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni. Anaeleza jinsi akili inavyotuhadaa: twadhani pesa zaidi au nyumba mpya itatutuliza, kumbe twaizoea upesi.

Lakini kutazama video tu hakutakubadilisha, na mwenyewe anasema hivyo. Kazi iko kwenye mazoezi: kulala vya kutosha, kuandika unayoshukuru, kuongea na watu, kuonja jambo jema taratibu. Hili la kuonja lilinishika. Nilikaa barazani alasiri, simu nimeiacha ndani, nikanywa kikombe kimoja cha kahawa ya tangawizi. Moto wa tangawizi kooni, kwato za punda kichochoroni. Miaka mingapi nilikuwa naimeza tu!

Video zipakue penye waifai. Cheti usilipie kama hukihitaji kazini. Ila ikiwa wiki kadhaa sasa hulali wala chakula hakipiti, usingoje kozi. Nenda hospitali ya King Fahd, hapo Lamu, umwone daktari.

Na jirani yako mwambie msome pamoja, jioni mkishamaliza kupika.